Hatima Mbili za Hadithi Moja: Kwa Nini Baadhi ya Filamu Zina Mwisho Zaidi ya Mmoja

Mtu aliyezoea kutazama filamu hadi majina ya mwisho yapite kwenye kioo huamini, na si lawama juu yake kuamini hivyo, kwamba mwisho aliouona ndio mwisho wa pekee ambao hadithi ile ingaliweza kuupata, kwa kuwa kila jambo lililotangulia, tangu shujaa alipoonekana mara ya kwanza hadi mjane alipofuta machozi, lilikuwa likimsukuma kuelekea huko. Walakini historia ya senema inashuhudia vingine: filamu nyingi, na zimo miongoni mwake zile zihesabiwazo kuwa kamilifu, zilipata kuwa na hatima mbili au tatu, zikatungwa, zikaigizwa, zikapigwa picha na pengine kuonyeshwa mbele ya watu, kisha moja ikazishinda nyingine kwa nguvu ya fedha, au ya sheria, au ya woga, na mara chache kwa nguvu ya hoja. Swali la kwa nini mambo huwa hivyo hujibiwa kwa wepesi kwamba ni biashara, na jibu hilo lina sehemu yake ya ukweli. Lakini aliyelitazama jambo lenyewe kwa utulivu ataona kwamba biashara ni mlango mmoja tu wa nyumba yenye milango mingi.

Hapa Bunia swali hili lina uzito wa namna yake. Watu wa Ituri wametangaziwa mwisho wa vita mara nyingi kuliko inavyostahili kutangaziwa watu wowote: walitangaziwa katika mapatano ya mwaka 2003, wakatangaziwa tena kikosi cha Ulaya kilichoitwa Artemis kilipoingia mjini mwezi Juni wa mwaka huohuo, wakatangaziwa Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilipotoa huko The Hague hukumu yake ya kwanza kabisa, tarehe 14 Machi 2012, juu ya Thomas Lubanga, kiongozi wa wanamgambo wa Ituri, wakatangaziwa mwezi Mei 2021 jimbo lilipowekwa chini ya utawala wa kijeshi, na kila mara hadithi ikaendelea baada ya tamati. Hadhira iliyopitia hayo haiupokei mwisho wa filamu kwa urahisi. Huupima. Huuliza umetoka kwa nani, na una maslaha gani.

Rai yangu, ambayo nitajaribu kuithibitisha kwa mifano, ni kwamba hatima ya pili huzaliwa pale wenye mamlaka juu ya filamu wanapohitilafiana juu ya mtazamaji. Mmoja amwona kuwa mtu mzima awezaye kuachiwa ukweli. Mwingine amwona mteja wa kubembelezwa. Wa tatu amwona raia wa kuogopwa. Filamu ni ileile, waigizaji ni walewale, bali mtu aliyekusudiwa kuketi gizani na kutazama amekwisha kuwa watu watatu, na kila mmoja ametengenezewa mwisho wake.

Tuanze karibu na nyumbani. Atokaye Bunia akapita Bogoro na kuteremka hadi Kasenyi huliona Ziwa Albert limetanda mbele yake, na ng'ambo ni Uganda, ambako katika bandari ya Butiaba, mwaka 1951, kundi la mwongozaji John Huston lilijenga kijiji cha misheni kwa ajili ya The African Queen, baada ya kuwa limekwisha kupiga picha nyingine ndani ya Kongo ya Wabelgiji, kwenye mto Ruiki, upande wa kusini wa mji uliokuwa ukiitwa Stanleyville na sasa ni Kisangani. Filamu hiyo yatokana na riwaya ya C. S. Forester iliyochapwa mwaka 1935, na inasimulia habari za mwanamke wa misheni na fundi wa mashua ambao, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, waliazimia kuizamisha meli ya kivita ya Wajerumani iliyokuwa ikitawala ziwa, kwa kuifanya mashua yao kikuukuu iwe bomu.

Katika kitabu azma yao yashindikana. Mashua yapotea katika dhoruba, wao wenyewe watiwa mbaroni, na nahodha wa Kijerumani, kwa uungwana wake, awarudisha kwa watu wao chini ya bendera ya amani. Ndipo boti za Waingereza zifikapo na kuizamisha ile meli, bila msaada wowote wa wale wawili waliojitoa mhanga. Wanaondoka pamoja kwenda kuoana, na mwandishi hataki kumhakikishia msomaji kwamba watafurahi katika ndoa yao. Ni mwisho mchungu kidogo, wa kizazi kilichoona vita vikubwa na kujua kuwa ushujaa wa mtu mmoja mmoja aghalabu hauamui lolote.

Huston hakuutaka mwisho huo, lakini alipoondoka kuja Afrika hakuwa na mwingine ulio tayari. James Agee, aliyeandika mswada pamoja naye, alipatwa na maradhi ya moyo kabla ya kuimaliza kazi, na mwandishi mwingine, Peter Viertel, akaletwa Afrika kumsaidia mwongozaji kuutafuta mwisho. Waliopata ndio huu unaojulikana duniani kote: wapenzi wawili, wakiwa tayari shingoni mwao mna kitanzi, wamwomba nahodha awaozeshe kwanza, nahodha awaozesha, na mara hiyohiyo meli yake yaigonga ile mashua iliyozama nusu, mabomu yalipuka, meli yaangamia, na maharusi waogelea kuelekea nchi kavu wakiimba. Tukumbuke kwamba Hollywood ya zama hizo ilikuwa chini ya kanuni ya Hays, iliyosimamiwa kwa ukali tangu mwaka 1934, na kanuni hiyo haikumpendelea mwanamume na mwanamke waliosafiri pamoja siku nyingi bila ya ndoa. Kwa hiyo ile harusi ya dakika moja, ichekeshayo kama inavyochekesha, iliwaridhisha wakaguzi, na mlipuko uliofuata ukawaridhisha walionunua tikiti.

Lakini hatima ya tatu ndiyo ile iliyotokea kweli, na hiyo haikupigwa picha na Huston. Meli iliyompa Forester mfano wake ni Graf von Götzen, iliyoundwa Papenburg, Ujerumani, ikaletwa vipande vipande hadi Dar es Salaam, ikasafirishwa kwa reli hadi Kigoma na kuteremshwa majini katika Ziwa Tanganyika mwaka 1915. Waingereza walileta boti mbili ndogo, Mimi na Toutou, zikapitishwa nchi kavu ndani ya Katanga chini ya Kamanda Spicer-Simson, nazo zikaiteka meli ndogo ya Wajerumani iliyoitwa Kingani mwezi Desemba 1915 na kuizamisha nyingine, Hedwig von Wissmann, mwezi Februari 1916. Ama Götzen haikuzamishwa na adui yeyote. Wajerumani wenyewe walipolazimika kuihama Kigoma, mwezi Julai 1916, mafundi wake waliipaka mitambo mafuta mazito ili isiharibiwe na kutu, kisha wakaizamisha kwa mikono yao kwa matumaini kwamba siku moja itainuliwa; na ikainuliwa na Waingereza mwaka 1924, ikarudi kazini mwaka 1927 kwa jina la Liemba, ikachukua abiria wa kizazi baada ya kizazi, na wakimbizi wa Kongo na wa Burundi miongoni mwao.

Mimi nauona mwisho huu wa tatu kuwa bora kuliko ile miwili ya kutungwa, kwa kuwa una upendo wa fundi kwa kazi yake, una kushindwa kusiko na aibu, na una uhai baada ya kushindwa. Nao pia una upungufu ule ulio katika miwili mingine. Wale Waafrika waliokata miti, wakatengeneza njia na kuvuta boti mbili za Waingereza milimani, pamoja na wale ambao filamu inaonyesha mwanzoni wakichomewa kijiji chao na kuchukuliwa kwa nguvu, hawana hatima yoyote katika simulizi hizi. Hutoweka, na hakuna aulizaye walifika wapi. Tunapohesabu hatima mbadala za filamu inafaa tuihesabu na hiyo, isiyopata kuandikwa na mtu.

Sasa tuje kwa wafanyabiashara, ambao kwao jambo hili ni la zamani kuliko wengi wanavyodhani. Mnamo mwaka 1913 kampuni ya Nordisk ya Copenhagen ilitoa filamu ndefu iliyoitwa Atlantis, ya mwongozaji August Blom, ikiwa na hatima mbili: moja ya furaha kwa ajili ya nchi nyingine, na moja ya mauti kwa ajili ya Urusi, kwa sababu wauzaji walikuwa wamekwisha kujifunza kwamba watazamaji wa Urusi hupenda kutoka ukumbini wakiwa na huzuni. Hollywood ilipokua iliugeuza ujuzi huo kuwa desturi ya kazi: filamu iliyokaribia kumalizika huonyeshwa kwa watu wa kawaida walioalikwa, nao hupewa karatasi za kuandika walivyopenda na wasivyopenda, na wenye fedha huzisoma karatasi hizo kwa makini kuliko wanavyosoma mswada. Ndivyo ilivyokuwa kwa Blade Runner ya Ridley Scott, mwaka 1982: baada ya maonyesho ya majaribio kuwaacha watu katika utata, iliongezewa sauti ya msimulizi na safari ya mwisho ya wapenzi wawili kupita milima ya kijani kibichi, na picha za milima hiyo ziliazimwa katika mabaki ya zile ambazo Stanley Kubrick alipiga kwa ajili ya The Shining. Miaka kumi baadaye milima ikaondolewa, na mlango wa lifti ukafungwa mbele ya mashaka, kama mwongozaji alivyotaka tangu awali.

Mfano unaonihuzunisha zaidi ni Fatal Attraction ya mwaka 1987. Katika mwisho wake wa kwanza, yule mwanamke aliyeachwa na mume wa mtu alijiua, na ushahidi wa kisu ukamwelekea mwanamume aliyemchezea. Ulikuwa mwisho wenye insafu ya namna fulani, kwa kuwa kila mmoja alibeba sehemu yake ya dhambi. Watazamaji wa majaribio hawakuridhika. Walitaka mwanamke aadhibiwe na nyumba ya mwanamume isalimike. Waigizaji wakaitwa tena, na Glenn Close, aliyeielewa nafsi ya yule mwanamke kuliko mtu yeyote, akapinga kwa muda mrefu kabla ya kukubali kuuawa kwa risasi ya mke. Filamu ilipata fedha nyingi. Nisemalo ni kwamba ukumbi wa watu waliokasirika uliulizwa nani afe, ukajibu, na ukatiiwa. Na sanaa inayoendeshwa kwa kura ya watu waliokasirika ni jambo la kutisha katika nchi yoyote, seuze katika nchi kama yetu. Hila nyingine za wauzaji ni nyepesi zaidi, kama ile ya Clue, mwaka 1985, iliyopelekwa katika kumbi mbalimbali ikiwa na hatima tatu tofauti ili watu walipe mara tatu, lakini watu hawakulipa.

Serikali nazo hudai haki ya kuandika ukurasa wa mwisho. Sholay, filamu ya Ramesh Sippy iliyoanza kuonyeshwa Bombay tarehe 15 Agosti 1975, ilipata wapenzi wengi sana katika pwani ya Afrika ya Mashariki, ambako filamu za Kihindi zilikuwa zikijaza kumbi tangu zama za Awaara ya Raj Kapoor. Inasimulia habari za Thakur, ofisa wa polisi aliyestaafu, ambaye jambazi Gabbar Singh aliwaua jamaa zake na kumkata mikono yote miwili. Katika mwisho uliokusudiwa, Thakur amuua Gabbar kwa miguu yake, akiwa amevaa viatu vilivyopigiliwa misumari. Lakini mwezi Juni mwaka ule India ilikuwa imetiwa chini ya Hali ya Hatari, na wakaguzi wa filamu hawakuwa tayari kuona mtu aliyekuwa polisi akijichukulia sheria. Ikabidi upigwe mwisho mwingine, ambamo polisi wafika wakati ufaao, wamkumbusha Thakur wajibu wake, na kumchukua jambazi akiwa hai. Mwisho wa kwanza ulibaki ukizunguka katika nakala za video, hata filamu ilipokarabatiwa na kuonyeshwa Bologna, Italia, mwaka 2025, ukarudishwa mahali pake.

Ajabu ni kwamba filamu hiyohiyo ilikabiliwa na shinikizo la pili na haikuinama. Siku za kwanza kumbi hazikujaa, na wenye fedha wakapendekeza kwamba Jai, aliyeigizwa na Amitabh Bachchan na ambaye hufa akimwokoa rafiki yake, afufuliwe kwa kupiga upya sehemu ya mwisho. Sippy akasubiri. Watu wakaanza kufurika, Jai akabaki amekufa, na filamu ikadumu zaidi ya miaka mitano katika ukumbi wa Minerva. Serikali ilishinda; soko lilishindwa.

Mtazamaji wa Ituri, akiutazama mwisho ule wa wakaguzi wa India, ana jambo la kusema ambalo mhakiki wa Ulaya huenda asiliwaze. Watu waliopoteza jamaa zao katika shambulio la Bogoro, tarehe 24 Februari 2003, walingoja zaidi ya miaka kumi na moja kusikia Germain Katanga akitiwa hatiani, mwezi Machi 2014, ilhali Mathieu Ngudjolo, aliyeshtakiwa pamoja naye, alikuwa amekwisha kuachiliwa na mahakama mwezi Desemba 2012. Kwa mtu wa namna hiyo polisi anayefika katika dakika ya mwisho ni kiumbe wa hekaya kuliko hata jambazi mwenyewe. Pamoja na hayo siwezi kusema kwamba namtaka Thakur na viatu vyake vya misumari, kwa kuwa tumeona kwa macho yetu kisasi kinavyokwenda kijiji hadi kijiji, na hakuna aliyekiona kikifika mwisho. Wakaguzi walikuwa na sababu mbaya, nayo ni kuilinda haiba ya dola. Lakini jambo walilolisema, kwamba mkosaji apelekwe mbele ya hakimu akiwa hai, ni jambo ninalolitamani kwa moyo wangu wote. Kosa lao ni kulionyesha kama kwamba limekwisha kutimia. Mwisho wa filamu ukimpa mtu haki ambayo mji wake haujampa, na usimwonyeshe kwamba haki hiyo bado yadaiwa, umemnyang'anya hata dai lake.

Nchini Kenya, mwaka 2018, jambo hili la serikali kudai mwisho wa filamu lilitokea waziwazi. Filamu Rafiki ya Wanuri Kahiu, iliyotokana na hadithi fupi ya Monica Arac de Nyeko wa Uganda na kuwa filamu ya kwanza ya Kenya kuchaguliwa katika tamasha la Cannes, inasimulia mapenzi ya wasichana wawili wa Nairobi. Msomaji aweza kuwa na rai yake juu ya mapenzi hayo. Ninalomwomba alitazame ni hili: bodi inayoainisha filamu nchini humo ilimtaka mwongozaji aubadili mwisho, kwa kuwa ulikuwa na matumaini kupita kiasi, na alipokataa filamu ikapigwa marufuku mwezi Aprili, na ilipofika Septemba, Mahakama Kuu ikaisimamisha marufuku hiyo kwa siku saba. Tazama basi kilichoogopwa. Waliyoyatenda wahusika kwa muda wa filamu nzima yangalivumilika lau mwishoni wangalijuta. Dakika chache za matumaini ndizo zilizoonekana kuwa hatari kwa taifa. Sijui ithibati iliyo kubwa kuliko hii ya nguvu ya mwisho wa hadithi, na imetolewa na wale waliotaka kuuzuia.

Lakini si haki kuwalaumu wenye fedha na wenye sheria peke yao, maana zipo hatima mbili zizaliwazo ndani ya kifua cha mtunzi mwenyewe. Joseph Conrad alifika Stanley Falls, ndiyo Kisangani ya leo, mwaka 1890, na hadithi aliyoitunga kutokana na safari hiyo, Heart of Darkness, humalizika kwa mwisho ulio na matabaka mawili: msimulizi Marlow alisikia maneno ya mwisho ya Kurtz, yaliyojaa kitisho, akamwambia mchumba wa marehemu kwamba neno la mwisho lilikuwa jina lake yeye mchumba. Msomaji ajua ukweli. Mfiwa apewa faraja. Francis Ford Coppola alipoihamishia hadithi hiyo katika vita vya Vietnam na kuiita Apocalypse Now, alihangaika na mwisho wake hata akaipeleka Cannes, mwezi Mei 1979, kama kazi isiyokwisha. Ilipotolewa kwa umma, nakala za milimita 70 zilimalizika kwa giza tupu, na nakala za milimita 35 zilipitisha majina juu ya picha za ngome ya Kurtz ikilipuka. Milipuko hiyo ilikuwa ya kubomoa majengo yaliyojengwa Ufilipino kwa ajili ya upigaji picha, lakini watazamaji wakadhani kwamba askari Willard ameita ndege za kuwaangamiza wote waliobaki. Coppola, aliyetaka Willard aitupe silaha yake na kuondoka, akaziondoa. Majina ya mafundi na moto nyuma yake vilitosha kuigeuza hadithi ya mtu aliyekataa kuendelea kuua iwe hadithi ya mauaji ya halaiki.

Ninao mfano mwingine wa jirani, ambao haukutajwa vya kutosha. Mwanzoni mwa mwaka 1958 Fred Zinnemann alikuja Stanleyville na Yakusu kupiga sehemu za Kongo za The Nun's Story, akiwa na Audrey Hepburn katika nafasi ya sista mwuguzi. Mwishoni sista huyo avua vazi la utawa, mlango wafunguka, naye atembea peke yake hadi njiani na kupotea. Mtunzi wa muziki, Franz Waxman, aliutungia mwisho huo muziki. Zinnemann akauondoa wote. Hoja yake ilikuwa kwamba muziki wa shangwe ungewaambia watu kwamba kampuni ya filamu inampongeza sista kwa kuuacha utawa, na muziki mzito ungewatia watu huzuni. Kwa hiyo picha ileile iliyokuwa na hatima mbili, kila moja ikingoja wimbo wake, ikaachwa kimya, na mtazamaji mwenyewe akaachiwa hukumu. Katika mifano yote niliyoitaja hapana mwongozaji aliyemheshimu mtazamaji kuliko huyu.

Wapo pia wanaoubadili mwisho kwa ulimi. Mapadri wa zama za Wabelgiji, waliotengeneza michezo kama ile ya Matamata na Pilipili, walikuwa na desturi ya kumweka mfafanuzi kando ya kioo aeleze kwa lugha ya wenyeji yale yaonekanayo na mafundisho yake. Na baada yao wakaja wafasiri wa vibanda vya video, kama Lufufu wa Dar es Salaam na wale wa Kampala waitwao VJ, ambao huweza kumfanya mhalifu wa Hong Kong atubu kwa maneno asiyoyasema. Yeyote aliyeketi katika kibanda cha video hapa mjini jenereta ikazimika robo saa kabla ya mwisho ajua kuwa watu hawaondoki bila hatima. Watagawana nusu kwa nusu, na kila upande utaumalizia mchezo kwa hoja zake hadi njiani.

Hatima ya uongo, hata hivyo, hailetwi na senema peke yake. Tarehe 17 Januari 1961 Patrice Lumumba, pamoja na Maurice Mpolo na Joseph Okito, waliuawa karibu na Élisabethville. Na tarehe 13 Februari Godefroid Munongo, waziri wa mambo ya ndani wa Katanga, akatangaza kwamba walitoroka na kuuawa na wanakijiji. Ilikuwa hatima iliyotungwa barabara, ina wahusika, ina mahali, ina sababu. Aimé Césaire alipoandika tamthilia yake Une saison au Congo, mwaka 1966, aliurudia na kuubadili mwisho wake katika matoleo yaliyofuata, kadiri utawala wa Mobutu ulivyojidhihirisha. Na Raoul Peck, katika filamu yake Lumumba ya mwaka 2000, aliwaonyesha watu risasi na moto ulioteketeza miili. Jino moja la Lumumba lililosalia lilirudishwa na Ubelgiji mwezi Juni 2022, likapitishwa Kisangani na miji mingine, na kuzikwa Kinshasa tarehe 30 ya mwezi huo. Miaka sitini na moja ilipita kabla ya mwisho wa kweli kupata kaburi, na ulipatikana kwa sababu baadhi ya watu walihifadhi karatasi, sauti na picha ambazo wengine walitaka zipotee.

Hapo ndipo ninapotaka kuwageukia vijana wa Bunia, Mahagi, Aru na Mambasa wanaotengeneza filamu kwa kamera ndogo na kwa simu. Mwaka 1942, Orson Welles akiwa Brazil, kampuni ya RKO iliikata filamu yake The Magnificent Ambersons zaidi ya dakika arobaini, ikaupiga upya mwisho wake kwa mikono ya watu wengine, kisha ikaharibu vipande vilivyokatwa ili kupata nafasi ghalani. Wapenzi wa senema wanavitafuta hadi leo. Filamu nyingine hatima zao zilizokataliwa tunazijua kwa sababu tu mtu fulani hakuzitupa, na miaka ya mwisho ya karne iliyopita ilipoleta diski zenye nafasi kubwa, zikatolewa na kuonyeshwa. Ninyi mtaombwa kubadili mwisho: ataomba mfadhili atakaye filamu yake ifunge kwa upatanisho, ataomba ofisa, ataomba jamaa wa marehemu, na pengine ombi la huyo wa mwisho litastahili kukubaliwa. Mkikubali au mkikataa, hifadhini hatima zote mbili. Wekeni nakala moja nje ya mji, kwa kuwa miji yetu huchomwa. Na juu ya ile iliyokataliwa andikeni tarehe, sababu, na jina la aliyeikataa.